Spesa Nene za Kaka Daudi

Jumatatu, 9 Juni
Nimetoka kufundisha. Kukata kona ya Nkuhungu, tairi la mbele la gari likakwaruza tena. Rimu hizi kaka Daudi ndiye aliyezileta. Zinavutia, ila zimeingia ndani mno, tairi linagusa shokapu. Zile za zamani keshaziuza. Jumamosi tunamfuata Baba kule Gulwe, kidonda chake cha mguu kinasafishwa hospitali hapa mjini kila wiki. Nimechoka na barabara hiyo kabla sijaianza.

Jumatano, 11 Juni
Kwa fundi Athumani, Zuzu. Anasema dawa ni spesa, sahani ya chuma inayobanwa kati ya rimu na habu, kile kitovu linapofungwa gurudumu, ili tairi lisogee nje. Zipo nyembamba na nene. "Mwalimu, chukua nyembamba. Nene inameza stadi, zile bolti za kufungia tairi, nati haipati pa kushika."
Nyembamba, basi. Kaka atazipitia kesho. Mimi nina mitihani ya kusahihisha.

Alhamisi, 12 Juni
Kaka amekuja na nene. Duka jingine. Anataka gari litanue miguu. Amezifunga mwenyewe uani, nati zikazunguka kidogo tu, zikagota. Nilimwambia. Akanijibu, "Wewe fundisha watoto, magari niachie mimi."
Nikaingia jikoni. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Jumamosi, 14 Juni
Tumemfuata Baba, mimi na kaka.
Wakati wa kwenda usukani ulitikisika. Kaka akasingizia barabara. Wakati wa kurudi, Baba yuko kiti cha nyuma, mtikisiko ukageuka kelele, kisha gari likainama upande wa kushoto. Kaka alijitahidi, akalisimamisha ukingoni. Tairi limelala upande. Nati nyingine hazipo, zilizobaki unazizungusha kwa kidole.
Baba aliunyoosha mguu kitini. Halafu akasema, "Daudi, mwanangu, mimi sina haraka ya kufa." Kwa sauti ile ile anayoombea maji.
Kaka akaenda nyuma ya gari. Alilia. Nilimwona, sikumhurumia.
Lori la mahindi likatubeba mimi na Baba. Hospitali, chumba cha vidonda kimeshafungwa. Mpaka Jumatatu. Baba analala kwangu. Kidonda kinanuka.

Jumatatu, 16 Juni
Kimesafishwa. Muuguzi kanigombeza kwa kuchelewa.

Jumatano, 18 Juni
Gari limevutwa mpaka Zuzu. Fundi Athumani amebadilisha stadi zilizoliwa, amefunga spesa nyembamba. Tundu la katikati la kila spesa limekaa sawasawa kwenye habu. Kaka akamwomba spana, akakaza nati mwenyewe, kwa kupishanisha, fundi akimwangalia. Kisha akasema, "Fundi, hebu zipitie na wewe."
Tairi halikwaruzi.

Ijumaa, 20 Juni
Tumerudi kwa fundi kukaza upya, alivyoagiza. Hakuna iliyolegea. Bado nina hasira. Nimechoka hata na hasira.

Jumamosi, 21 Juni
Asubuhi Baba amesafishwa kidonda. Kimeanza kukauka pembeni. Tukamrudisha Gulwe.
Nilipofika kwenye gari kaka alikuwa amesimama mlango wa abiria. Akanipa ufunguo. "Endesha wewe, dada."
Akakaa nyuma, akaupakata mguu wa Baba. Kila penye shimo aliuinua kidogo. Baba alisinzia kabla hatujafika Mpwapwa. Nilipowatazama kwenye kioo, kaka naye alikuwa amelala, kiganja chake bado kiko juu ya bandeji.
Nikapunguza mwendo.