Nishani ya Unyenyekevu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya yote natangaza rasmi, wasomaji wasimame wanaoweza, kwamba kitufe kimoja cha shaba kilichodondoka kwenye koti la mteja kimeligawa kanisa letu makundi mawili.

Mimi ni fundi cherehani na mwaka wa tisa huu nafundisha watoto kila Jumapili, chumba cha nyuma, kile chenye viti vibovu na ngoma za kwaya, na mwezi uliopita nilipata somo, mshauri, somo lenyewe! Marehemu babu yangu alichunga punda jeshini wakati wa vita, basi nikawasimulia watoto aliyotusimulia, punda mwenye sikio lililochanika aliyepandisha maji na kushusha majeruhi, mara sita kwa siku, hakuuliza huyu jenerali au mpishi, na njiwa waliobeba barua wasizoweza kuzisoma, na mbwa aliyemlalia askari mwenye baridi mpaka wenzake wakaja kumchukua, na vita vilipoisha watu wakapanga mstari kuvishwa nishani, punda akapangwa mstari wa kubeba magunia. Nikauliza, na Bwana wetu alipoingia mjini kama mfalme alipanda nini? "Punda!" Walipiga kelele mpaka mchungaji akaja kuchungulia akidhani paa limeshuka.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini furaha ilinipanda kichwani, nikachukua kipande cha mahameli nyekundu, nikashona nishani, kile kitufe katikati, nikatangaza kwamba ataivaa Mnyenyekevu wa Mwezi.

Jamani! Jumapili iliyofuata walifika saa nzima kabla. Waligombania ufagio mpaka ukavunjika mpini, wawili wakamvua viatu kwa nguvu mtoto asiyetaka kuvuliwa ili wamwoshe miguu, mmoja akaangua kilio kwamba yeye ndiye wa mwisho kuliko wote na wenzake wanamsukuma mbele. Nikamvisha binti wa kiongozi wa kwaya, kwa kuwa alifagia nikimwona. Sasa haivui hata akioga, na anataka aitwe Mheshimiwa Punda. Nilipoomba airudishe, mama yake alinijia kwenye cherehani, mikono kiunoni: "Fundi, mwanangu amenyenyekea kihalali, mbele ya mashahidi. Umnyang'anye umpe nani? Kama ni husuda, sema!"

Kinachoniuma ni kingine. Kumbe binti wa seremala, miaka saba, ndiye aliyekuwa akipanga vile viti mwaka mzima kabla hatujafika, na mimi nilidhani ni mlinzi. Nimejua baada ya yeye kuacha kuja, Jumapili mbili sasa, maana tumekuta viti vimelala, na mlinzi akaniambia hajawahi kuvigusa, ni yule mtoto. Na karibuni mgeni mkubwa wa kanisa anakuja kusikia somo langu! Nikimvua yule nishani, ni vita na kwaya nzima. Nikimwachia, huyu mdogo nampoteza. Nifanyeje? Na kwa kuwa hapa hatujuani, nakiri kwamba nimeshona na ya mwalimu, kubwa kidogo, ya siku ya mgeni.

Fundi wa Chumba cha Nyuma

*

Fundi,

Nimesimama kama ulivyoagiza. Somo lako ni zuri mno! Nimelisoma kwa sauti hapa ofisini, na mwandishi wetu wa michezo, mtu asiyesifu kitu kisicho na mpira, akauliza, "Njiwa alifika?" Mtoto ukimwambia "nyenyekea" husikia "nyamaza." Ukimwonyesha punda anayepanda mlima mara ya sita, anaona kwamba mnyenyekevu ana nguvu, ana kazi, na hana muda wa kujitazama. Hilo ulilifundisha, kisha ukalitoboa kwa sindano yako mwenyewe.

Nishani kwa unyenyekevu! Mwenzangu, huko ni kumzawadia mtu kipaza sauti kwa sababu ya ukimya wake. Mheshimiwa Punda usimlaumu, ana mwalimu mwenye ya kwake, kubwa kidogo. Kubwa kidogo! Uliipima kwa futi?

Sasa nisikilize. Ya kwako ifumue leo, kabla chai haijapoa. Ya mtoto usimvue. Wakalishe wote, useme, "Nilikosea mimi, si yeye," kwa maneno hayo hayo, bila kuunga mahubiri, halafu mwombe airudishe. Akikataa, mwachie, mahameli huchakaa. Watoto wachache sana wamewahi kumwona mkubwa akikiri kosa bila kujikohoza, na hilo watalikumbuka kuliko njiwa. Mama yake akija tena na mikono yake kiunoni, mpe kiti. Na siku ya mgeni, hadithi waisimulie watoto wenyewe, wewe kaa nyuma kabisa, ushike midomo yako.

Kisha nenda kwa seremala. Usiende na zawadi, utarudia kosa lile lile. Mwambie binti, "Nilikalia viti vyako mwaka mzima, sikuuliza nani kavipanga. Njoo unionyeshe unavyofanya." Akikuonyesha, shika kiti upange naye, kila Jumapili, hata siku ambayo hakuna anayetazama. Hasa siku hiyo.

Ila kabla hujapiga magoti mlangoni kwa watu, uliza kwanza hali ya mtoto. Katika barua kumi zilizonifikia wiki hii zenye muhuri wa posta kama wa bahasha yako, nane zinauliza dawa ya tetekuwanga.