Kuni za Kibati

Mama, najua utauliza kwanza kama ninakula. Ninakula, lakini leo kwa shemeji, kwenye bulanjeri yake ya kuoka mikate, hakuna mkate.

Unakumbuka marehemu dada, mke wake, alivyopanda miti kule Kibati na wamama wa shirika lake. Lori la shemeji, ile kamio ya mikate, ndiyo iliyobeba miche, na kila aliyepanda alirudi nyumbani na mkate. Kila mche dada aliufunga kamba ya bluu, ile ya magunia ya unga.

Asubuhi, katika mvua na baridi, waliteremsha kuni mbele ya tanuri. Shemeji akainua gogo moja, akabaki amesimama nalo. Gome lilikuwa limemeza kamba ya bluu, imebaki ncha tu.

"Papa, tulikata Kibati," muuza kuni akasema. "Watu wako na njaa, na muti uko karibu."

Shemeji hakumgombeza. "Nilitoa kamio, nilitoa mikate," alisema. "Lakini kuni zangu zinatoka wapi, sikuuliza."

Sasa tanuri ni baridi. Anasema atawasha tena pale wamama wa shirika watakapomtengenezea makaa ya takataka zilizoshindiliwa, yasiyokata mti, na atayanunua yote. Wateja wamekwenda kwa wengine.

Gogo ameliingiza chumbani. Jioni nimeona amelifunika kitenge cha dada.

Mama, ule mparachichi dada alioupanda nyuma ya jikoni, mtu asikate hata tawi. Ulale salama.

Binti yako aliyebaki,
Zaina