Jina Lako Huko Baden

Rehema shoga yangu,

Nimeiona Baden yako, na nimerudi nikiwa na kinyaa ambacho sabuni haikitoi. Nakuambia wewe kwa sababu mtu mwingine wa kumwambia sina, na pia kwa sababu wewe ndiye uliyenitia hamu ya kwenda huko.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisifia? Ramadhani ile tuliyokaa jiko moja Jeddah, madam wangu alipotuleta nyumba nzima kutoka Riyadh tuje kufunga kwa mama yake, unakofanya kazi wewe, wewe ukikunja sambusa na mimi nikikaanga, ulinijaza maneno mpaka mafuta yakaungua. Ati kuna mji mdogo, ukitoka Vienna unapanda treni na kufika kabla hujasinzia. Ati waridi bustani nzima, ati keki, ati wazee wanapiga muziki chini ya miti na hakuna anayekuuliza ikama, kile kibali chao cha kuishi. Ulisema, "Wakesho, kule hata kupumua unapumua vizuri." Nilikuonea wivu, aki ya Mungu. Kila mwaka wewe unakwenda Ulaya na madam na Bi Kizee wako, mama yake, kutibiwa magoti yake, mimi naachwa Malaz, Riyadh, nikipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba.

Muongo mkubwa wewe. Hukuniambia kwamba maji ya huko yananuka.

Yananuka mayai viza, Rehema. Hayo maji ya moto yanayotoka ardhini, ambayo watu wanafunga safari kuja kujilowesha, yananuka kama kuku aliyeatamia akakimbia mayai. Siku ya kwanza nilidhani Bi Kizee amejichafua, nikamwinua nimkague mbele za watu, naye akanifinya mkono kwa hasira. Kumbe ndiyo dawa yenyewe. Anatoka humo amelegea, namfuta, namvisha, na ile harufu inahamia kwangu. Inaingia kwenye nywele, kwenye baibui, mpaka kwenye mkate ninaokula. Madam anaziba pua na mtandio, ananiamuru nichome udi bafuni. Udi juu ya mayai viza, jameni! Nilitapika, nikasafisha matapishi yangu, nikaendelea na kazi.

Waridi zipo, siwezi kukusingizia. Nimeziona nikiwa nyuma ya kiti cha magurudumu. Keki nayo ipo. Madam anaagiza, anaimega upande mmoja, anaiachia rangi ya midomo, kisha anaisukuma sahani upande wangu kama anamlisha paka. Mimi nimesimama, maana kiti changu kimekaliwa na mkoba wake. Kulala nililala sakafuni, kati ya kitanda cha Bi Kizee na ndoo yake. Nikawa najiuliza, huyu shoga yangu aliyafaidi lini hayo aliyonisimulia? Ndipo nikaelewa kwamba ulinisimulia ulichokiona kwa mbali, na hukutaka nikuonee huruma.

Lakini hayo ningeyameza. Kilichonishinda kumeza ni lile jina.

Ulipofariki, madam alikuwa Jeddah kwa mama yake. Mwaka huo mimi hakunichukua, nilibaki kumpikia baba. Aliporudi Riyadh akaniambia, huku akivua viatu, kwamba Rahma, ndivyo walivyokuita, alilala akiwa mzima na hakuamka. Kazi ya Mungu, halas, basi, yamekwisha. Nililia juu ya sinki nikimalizia vyombo. Mama yako kule Msambweni alipigiwa simu, akaambiwa hivyo hivyo, na ukazikwa huko huko ugenini. Macho yangu hayajakauka, naambiwa nifunge nguo, nakwenda Ulaya na Bi Kizee kwa nafasi yako. Tena Bi Kizee hajaambiwa kama umekufa, wala asiambiwe. Akili yake inakuja na kuondoka, macho yana mtoto wa jicho, na chakula hali ila kwa mkono wako. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo Rahma ni mimi.

Unaijua tabia yao. Msichana akiondoka, anayekuja anavishwa jina lake ili wasisumbuke kujifunza jingine. Hapa kwa jirani kila anayeingia ni Siti, na Siti wa sasa ni Mganda, tena mlokole. Tulikuwa tukicheka mambo hayo. Lakini kuitwa kwa jina la mtu aliyerudi kwao ni kitu kimoja, na kuitwa kwa jina la maiti, maiti mwenyewe shoga yangu, ni kitu kingine. Nilihisi nimevishwa nguo uliyofia.

Nikawa naitika. Ningefanyaje? Paspoti yangu ilikuwa mkobani mwa madam. Uwanja wa ndege wa Vienna, askari wa mpakani aliisoma, akatamka "Wakesho" kwa shida, na mimi mwenyewe nikachelewa kuitika. Kufika hotelini, mama wa mapokezi akanikumbatia akifurahi kwamba Rahma amerudi. Wewe mrefu, mweupe, mwenye mashavu, mimi kimbilikimo mweusi mwenye mwanya. Tumefanana wapi, jameni? Niliachiwa hivyo hivyo mikononi mwake, madam akitabasamu.

Sasa sikiliza. Alasiri moja madam alikuwa madukani, nami nimekaa na Bi Kizee bustanini karibu na wale wazee wa muziki. Siku ile akili zake zilikuwepo. Akaninyooshea mkono, akaniwekea kiganja tumboni, akauliza polepole kwa Kiarabu chake, "Rahma, tumbo lako limepona?"

Akaendelea mwenyewe. Alisema alikuwa akikusikia ukilia jikoni. Siku za mwisho za mfungo ulijikunja sakafuni, unatapika mpaka nyongo, na alimwambia binti yake akupeleke hospitali. Binti yake akamjibu kwamba wasichana wote huugua Idi ikikaribia, wanakimbia kazi ya wageni. Ukapewa vidonge vya kichwa, ukaambiwa yalla, haya upesi, watu wanangoja kufuturu.

Kwa hiyo hukulala, Rehema. Uliugua tumbo humo jikoni na wao wako sebuleni wanakula ulichopika. Na madam huyo huyo, siku hizo hizo, alikuwa akinipigia simu kuniuliza kama kanzu za baba za Idi zimenyooka. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

 Nilichutama mbele ya kiti, nikamwambia usoni, "Mimi si Rahma. Rahma alikufa na tumbo hilo. Mimi naitwa Wakesho."

Nilidhani atapiga mayowe. Hakupiga. Alijifunika uso kwa mtandio wake, muziki ukiendelea. Halafu akauliza, "Nani alimwosha?"

 Mimi Mkristo wa Voi, hilo la kuosha maiti halikuwahi kunijia. Lakini nilimwelewa. Wewe ndiye uliyemwosha huyu mama kila siku ya Mungu, kuanzia nywele mpaka nyayo, hata pale ambapo binti yake hawezi kutazama. Na waliostahili kukuosha wewe walikuwa kwenu, wakiambiwa umelala.

Madam alipotokea na mifuko yake, mama yake akamwuliza swali lile lile. Madam akanitazama mimi. Mama akarudia. Madam akasema hajui, mambo hayo yana watu wake, watu wa hospitali walishughulikia. Hajui! Mwanamke anayejua kila kikombe kilichopata ufa nyumba mbili, Riyadh na Jeddah, hajui nani alikuosha.

Hotelini alinizaba kofi. Baadaye akaja mtamu kama asali. Nihamie Jeddah moja kwa moja, nipewe chumba chako, mradi nimwambie mama yake kwamba nilisema uongo, Rahma yupo, ndiye mimi. Nikamjibu mafi, hakuna, kwa neno lao wenyewe. Nilimchukia madam, Rehema, nakuambia kweli, mpaka marashi yake yalinichefua kuliko mayai viza.

Ila lipo lililonitesa. Bi Kizee kila asubuhi aliamka amesahau. Ananiita Rahma, anafungua mdomo nimlishe, nami namwambia upya, naye analia upya kama mtu aliyepata habari leo. Madam akasema nina roho ya shetani. Labda. Nilimlisha uji huku analia, lakini kuitikia jina lako sikuitikia tena.

Sasa niko Malaz, nimefunga nguo zangu. Baba amechoshwa na kelele za mkewe, amenipa paspoti na viza ya kutoka. Kaburi lako sikulifikia. Nilimwuliza dereva wa Jeddah, akasema makaburi ya huko hayana majina na wanawake hawaingii. Ndiyo maana nakuandikia.

Mama yako alinipigia juzi. Anamshukuru Mungu kwamba hukuteseka, anasema hilo ndilo linalompa usingizi.  Ningeweza kumwacha alale, Rehema. Ni mtu mzima, hanidai kitu. Lakini usingizi huo amepewa na nani? Amepewa na yule aliyekupa wewe vidonge vya kichwa, na mimi siwezi kuwa mtu wake tena.

Nakuahidi hivi. Nitafika Msambweni kabla ya kufika kwetu. Nitaketi na mama yako chini, nitamshika mikono. Akiniuliza kama uliumia, nitasema ndiyo, mama, aliumia sana. Akiniuliza kama kuna aliyekuhurumia, nitamtaja Bi Kizee wako. Akiniuliza nani alikuosha, nitasema sijui, mama, na wenye nyumba hawakuuliza. Halafu nitabaki hapo hapo. Sitaondoka mpaka amalize kulia, hata ikiwa ni siku ngapi, na akinifukuza nitakaa barazani.

Kwaheri, shoga yangu.

Ni mimi, Wakesho.