Hadithi Tuliyoikosea Kule Korongoni

Mama Ciku,

Nimerudi jana kutoka korongoni na magoti yamekataa kabisa. Nimekaa jikoni kwangu hapa Giakanja, miguu ndani ya beseni la maji moto na chumvi, na nakuandikia kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilistaafu ualimu lakini kalamu hizi haziishi.

Ni miezi tisa tangu tukuzike Naro Moru. Ciku binti yako yuko salama. Ameng'oa ule ua wa mabati uliokuwa ukipiga kelele upepo ukivuma, akapanda miti badala yake. Kuku wako amewapa jirani. Begi lako la safari bado liko nyuma ya mlango, na kila anayeingia hulizunguka tu, hakuna anayelishusha. Akina mama wa kanisa walikuja sana mwezi wa kwanza, wakapungua mwezi wa pili, na sasa hawaji. Siwalaumu. Watu huchoka. Hata mimi nimechoka, na ndiyo sababu nimekawia hivi kukuandikia.

Ulipokuwa wodini ulinishika kidole hiki kidogo ukasema, "Mwalimu, wale wageni wa Agosti uwapeleke. Halafu ukitaka kuacha, uache." Nikasema sawa. Wakati ule ningekubali lolote. Lakini Agosti ilipofika nilijiuliza ni nani anayewaongoza watu jangwani akiwa na miaka sitini na mitatu, bila wewe mbele yake.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponipeleka? Nilikuwa nimefiwa na mume, na wewe ulinijua kwa sababu ulikuwa umewapandisha wanafunzi wangu mlimani miaka ile ulipokuwa mpagazi. Ulikuja shuleni ukasema, "Mwalimu, ukikaa kwa hiyo nyumba utaoza. Kuja tuende mahali." Sikujua kwamba mahali penyewe ni mbele ya Nanyuki, lami iishe, barabara ya vumbi iishe, halafu tutembee saa nne kwa miguu hadi kwenye ule ufa wa miamba myekundu. Sikujua kwamba hakuna hema. Nilipouliza hema liko wapi ukacheka. "Hema ni ya watu wako na wasiwasi." Ukanipa turubai, blanketi mbili na sufuria iliyochomeka upande mmoja. Nikaanza kutandika pale kwenye mchanga laini, chini kabisa, ukanivuta mkono. "Hapo si kitanda. Hiyo ni barabara ya maji." Ukanionyesha vijiti vilivyokwama juu ya mwamba, juu kuliko kichwa changu, ambako mafuriko yalikuwa yamefika.

Ulinifundisha kuchimba mchanga kwa mikono hadi maji yatokee, kuyaacha yatulie, kuyachuja kwa leso, kuyachemsha. Ulinifundisha kwamba kila tulichokibeba kuingia tutakibeba kutoka, hata ganda la yai. Miaka kumi na moja tulienda, wewe mbele na mimi nyuma nikihesabu watu. Mimi mwanamke wa Siaya niliyezaliwa karibu na ziwa, nikaanza kupenda mawe.

Na kila safari, jioni ya pili, wageni wakishakula, ulisimulia hadithi ya yule mwizi wa ng'ombe.

Nilikuwa naijua kwa moyo. Kwamba zamani za wazungu, walowezi wa Laikipia waliibiwa ng'ombe usiku, na nyayo zikaishia kwenye miamba. Kwamba mwizi mkuu, kijana aliyenyang'anywa malisho ya baba yake, aliwaficha wale ng'ombe humu korongoni, akaziba mwanya kwa ukuta wa mawe ambao upo hadi leo. Kwamba kwa miaka mitatu askari walimtafuta wasimpate. Halafu ulishusha sauti. "Lakini alikuwa na bibi. Na bibi akaonyeshwa gunia ya unga. Akamuuza." Wageni waliguna. Wanaume waliwatazama wake zao na kucheka. Mimi nami nilicheka, Mama Ciku, miaka yote hiyo.

Basi, Agosti hii nikawapeleka. Walikuwa sita, wafanyakazi wa ofisi moja ya Nairobi, watu wazuri, ingawa siku ya kwanza walilalamika kuhusu mchanga kwenye ugali. Nilitembea mbele polepole kwa fimbo. Nilikuwa nawaogopea wao na nayaogopea magoti yangu, na kila penye kona nilikuwa nangoja nikuone umesimama, mkono kiunoni, ukituambia tuharakishe.

Siku ya pili alasiri Koko wetu, yule nyanya wa Kimaasai wa boma la juu, alikuja na maziwa kama kawaida. Unajua yeye huondoka jua likianza kushuka, lakini safari hii mguu wake ulikuwa umevimba, akasema atapumzika kidogo hadi mjukuu wake aje na punda. Nikampa chai. Akakaa kwenye jiwe, shuka amejifunika hadi masikioni, na sisi tukamsahau. Msichana mmoja wa kundi lile akasema, "Mwalimu, tumesikia kuna hadithi ya mwizi."

Nikaisimulia. Niliisimulia kama wewe, pahali pa kunyamaza nikanyamaza, pahali pa kushusha sauti nikashusha. Nilifurahi hata, kwa sababu nilikuwa nasikia sauti yako kinywani mwangu. Nikafika kwenye gunia la unga. Wageni wakaguna.

Koko akaweka kikombe chini. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Huyo bibi ni mama yangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea bila hasira, akiangalia moto. "Hakuna unga. Hakuna mtu alimpa unga. Kulikuwa na mtoto mgonjwa, mwili moto kama hii chai. Maji huku juu ilikuwa imekauka. Akashuka mchana kuchimba maji. Mchanga ukashika mguu yake. Askari wakafuata mguu." Akajigusa kifua. "Mtoto ni mimi."

Mjukuu alipofika na punda, Koko aliondoka akaniacha pale na wale watu sita wakinitazama.

Asubuhi nilipanda hadi manyatta yake, nikawaacha wageni wakipika uji. Nilimkuta anakamua mbuzi. Nikapiga magoti, na unajua kupiga magoti kwangu ni kazi ya dakika nzima, nikamwomba msamaha. Akamaliza kukamua. Halafu akasema, "Mwenzako pia alipiga magoti."

Nikamuuliza mwenzangu yupi.

Akaniambia yote. Kwamba ile safari ya mwisho uliyoongoza, ile niliyoikosa kwa sababu nilikuwa nimeenda Siaya kumzika shemeji yangu, mgeni mmoja alimuuliza Koko asubuhi kama ni kweli mwanamke wa hapa alimuuza mumewe kwa unga. Koko akakufuata hadi mahali ulipokuwa unaosha sufuria, akakuuliza hiyo habari ulitoa wapi. Ukamwambia uliisikia ukiwa msichana, kwa wapagazi wenzako. Akakueleza ukweli. Anasema ulilia hadi ukashindwa kusimama. Anasema uliahidi kwamba mwaka unaofuata utaisimulia sawasawa, mbele yake.

Ulirudi nyumbani ukiwa kimya. Nilikuja kukuona Naro Moru nikadhani ni uchovu, halafu baada ya wiki chache maumivu yakaanza, na nikadhani kumbe ni ugonjwa. Wodini ulisema siku moja, macho umefumba, "Ile ya bibi, Mwalimu. Ile si vizuri." Nikakupangusa uso nikakwambia tulia. Nilidhani ni dawa zinaongea. Sikukuuliza ni bibi gani.

Nilikukasirikia. Acha niseme ukweli, kwa kuwa wewe mwenyewe hukupenda maneno ya kuzunguka. Nilishuka kutoka kwa Koko nikikukasirikia kila hatua. Ulikuwa na wiki zote hizo. Ulikuwa na mimi nimekaa kando ya kitanda chako kuanzia chai ya asubuhi hadi wauguzi wanifukuze. Ungeweza kuniambia. Badala yake ukanituma mimi, bila kujua, nikamtukane mama wa mtu mbele ya wageni na mwenyewe amekaa hapo anakunywa chai yangu.

Lakini nilipofika chini nilikaa kivulini, nikafikiria vile ulivyokuwa ukiona haya hata ukichelewa kanisani kwa dakika tano. Nadhani ulitaka upone kwanza, urekebishe mwenyewe, halafu uniambie likiwa limekwisha. Ulikuwa hivyo hata na sufuria. Hukutaka mtu aione kabla hujaisugua.

Saa nane mchana Koko akaja tena, juu ya punda, na hakuja na maziwa. Akasema nimfuate. Nikawauliza wageni kama wangependa kubaki wapumzike, lakini wote sita wakainuka. Akatupeleka hadi kwenye ule ukuta wa mawe, ule tuliokuwa tukiwaambia wageni waupige picha. Akatuonyesha mahali baba yake alipoangukia. Akatuonyesha chini, kwenye mchanga, mahali mama yake alipokuwa akichimba, yeye Koko akiwa amefungwa mgongoni. Mama huyo aliishi hadi uzeeni, akasema. Na uzee huo wote hakuna aliyekula kwake. Alikuwa mwanamke aliyemuuza mume wake. Wasichana waliolewa bila kumwita arusini. Alipokufa, Koko na mume wake walimzika wawili tu.

Nikamuuliza anaitwa nani, huyo mama. Miaka kumi na moja hatukuwahi kumpa jina. Akasema, "Nasieku."

Halafu akanieleza kwa nini ametuita. Siku hiyo wanawake wa manyatta tatu wangekuja kunywesha mbuzi kwenye kile kisima cha mchanga. Alitaka niseme mbele yao. Nikamwambia, Koko, mimi ni nani, mimi ni mgeni, ni Mjaluo kutoka mbali, sema wewe. Akatikisa kichwa. "Mimi nimesema miaka sabini. Mimi ni mtoto wake, nani atanisikia? Wewe ni mwalimu."

Mama Ciku, sikuwa na nguvu. Jua lilikuwa kali, na nilitaka kitu kimoja tu, kulala. Lakini wanawake wakaja, kama kumi na wawili hivi, na mbuzi wao, nikasimama juu ya jiwe nikaisimulia. Koko alikuwa ananitafsiria. Nilisema kuhusu mtoto mwenye homa, kuhusu maji, kuhusu nyayo. Nilisema kwamba hakukuwa na unga. Nilisema kwamba mimi na rafiki yangu tumesambaza uongo huo kwa watu wengi, na kwamba rafiki yangu amekufa, na nimekuja kuurudisha kwa niaba ya wawili.

Mbuzi waliendelea kunywa. Kisha mama mmoja mnene, mwenye umri kama wangu, akasema kitu kwa Kimaasai, na Koko alikuwa amesahau kutafsiri, ikabidi mjukuu wake anieleze. Alikuwa amesema, "Mama yangu alitukataza kula kwake. Nilikuwa mtoto. Siku moja alinipa asali nikaitupa."

Huyo ndiye aliyetangulia. Aliokota jiwe jekundu, si kubwa, akapanda nalo hadi mahali Nasieku alipozikwa, nyuma ya mgunga mmoja, mahali ambapo wewe na mimi tumepita mara nyingi tukidhani ni ardhi tu. Akaliweka. Wengine wakamfuata. Yule msichana wa Nairobi naye akaokota lake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa. Nikamwambia amuulize Koko. Koko alikuwa amejifunika uso kwa shuka, lakini alimsogezea nafasi apite.

Niliweka mawili. La pili lilikuwa lako. Nilichagua zito, na nilijuta nikiwa katikati ya mlima, lakini nililifikisha.

Tulirudi Nanyuki jana, wageni wakashuka wakielekea kwao. Nilipitia kwa Ciku nikamweleza kila kitu. Alilia kidogo. Halafu akaniuliza kama ninaweza kwenda tena, na nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Mwili huu umeniambia mambo mengi njiani. Akasema, "Basi mwezi wa kumi na mbili twende wote, unifundishe nikiwa bado naweza kukuuliza." Alisema hivyo akiwa anaosha vikombe, amenipa mgongo, mabega kama yako.

Kwa hivyo nitaenda mara moja tena. Hujanituma wewe, safari hii naenda mwenyewe. Nitamfundisha binti yako kuchimba maji na kuacha mahali safi, na jioni ya pili nitamwacha asimulie yeye. Ataanza na jina la Nasieku. Na akifika mwisho, atasema pia kwamba mama yake aliikosea hadithi hii miaka mingi, na kwamba siku alipojua, alipiga magoti. Sitalificha hilo ili uonekane mzuri. Ulikuwa mzuri vya kutosha, na aibu yako nimeibeba hadi ilipotakiwa kufika.

Pumzika, Mama Ciku. Sina hasira tena.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu Akoth