Bugali ya Baba Lydie

Lydie mutoto yangu, na weye shemeji Félicien,

Nimeenda ku mutaa wa Lumumba kutafuta unga ya muhogo. Masasi ya bunduki imenyamaza tangu alfajiri. Mufunge mulango. Maji iko chini ya kitanda. Baba akiamuka, mumupe yai na avoka, ~~lakini viazi hapana~~ na vile viazi nimechemusha. Ndiyo, viazi!

Félicien, usikasirike. Ni weye ulisema bugali na sukari inalisha kansere, tumupe nyama na mafuta tu, ugonjwa ife na njaa. Nilikuamini. Wiki sita siye tunakulia bugali nyuma ya jikoni kama wezi, juu asisikie harufu. Munganga wa hospitali alinionya: mugonjwa wa kansere asikonde. Nikafuata maneno yako.

Leo asubuhi nilimupima ku balansi yetu ya maharagi. Kilo makumi tano na moja. Wakati tulianza, alikuwa makumi sita na mbili. Sasa nani iko anakufa na njaa, ugonjwa ao ndugu mukubwa yako?

Mabunduki ikilia mbele ya miye kurudi, musiningojee. Mumubebe, mushike njia ya Komanda.

Mwaka jana tulipokimbia, wanaume wawili walimubeba, wakaomba kupumuzika. Leo nilimubeba mugongoni peke yangu mpaka ku balansi, na sikuhema. Hata masasi haijaniogopesha vile.

Lydie, aongezewe viazi. Ninaomba Mungu siku moja nishindwe kumubeba.

Mama Lydie