Kasiksi Ambayo Wageni Walikataa

Siku ya tatu, jioni

Lakini kwa nini walikataa kunywa? Watu wane wametoka Kamituga kwa miguu, njaa imewakausha, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hawaigusi! Watu wa kilima kizima walikuja kuwaangalia. Papa akakasirika: "Hawa ni watu gani?"

Kisha mama muzee wao akatoa ndizi ya kuchoma. Akaimega, akala kwanza yeye, ndipo akanipa.

Haya ikanishika. Kwa kuwaogopa wageni, Papa alisahau desturi ya kuonja kasiksi mbele yao, wajue haina sumu. Nikachukua kibuyu, nikakunywa. Wakamaliza yote.

Sasa wako katika nyumba ya jiko. Papa amefunga mulango wetu kwa ndani. Nimesikia na wao wamefunga wa kwao.