Masizi ya Koroboi ya Baba

Kata ya Nyanungu,
Tarime, Mara.
20 Julai 2024

Mpendwa kaka Simon,

Shikamoo kaka. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima huko Masasi, wewe na wifi Dorah na watoto. Kile kifua cha mdogo wao kimepona? Sisi huku tunapumua, Mungu hajatutupa. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishatoka anazunguka boma zima akikagua nani hajafagia. Mahindi ya shamba la juu tumevuna vizuri, ya mtoni nguruwe wametuibia. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Furahi kidogo kwanza, maana huko mbele utanuna.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara nne. "Wegesa, mpe Heche funguo za kibanda cha baba, tusigombane." Kaka, funguo sitoi. Nimetanguliza jibu ili usihangaike kulitafuta chini.

Kikao cha ukoo, kile cha kuamua nani arithi kazi ya marehemu baba ya kuchonga vitako vya bunduki, ulikisikia kwenye simu tu, imewekwa juu ya meza, kwa hiyo hukuona mambo yalivyokuwa. Baba mdogo Waitara alikaa kwenye kiti cha marehemu. Mwanawe Heche alikaa pembeni yake amevaa shati jipya. Mimi nilikuwa napeleka chai huku wanaijadili mikono yangu. Silaha ni kitu cha wanaume, wakasema. Mtoto wa kike ni wa kuolewa, na huyu ameolewa Kenyamonta akarudi, kesho ataondoka tena na vyombo vya mzee. Heche akatoa mfano wa bunduki ya Rubeni, yule mkuu wa askari wanaolinda mashamba dhidi ya wanyama. Kitako kama kile cha mzee, akasema, kinataka mkono wa mwanaume. Na wewe ukaitikia kwenye simu, "Kweli kabisa." Nilisikia. Nilikuwa nimeshika birika.

Sasa nikueleze kilichotokea baada ya hapo, maana najua hawajakuambia.

Nashoni, askari wa hao hao wa Rubeni, alianguka na pikipiki, kitako cha bunduki yake kikavunjika. Heche akakimbilia kazi. Akachukua kipande cha mninga ambacho baba alikikausha darini miaka tisa, hakuniuliza, akaenda nacho kwao.

Wewe ulitoroka kibandani ukiwa darasa la sita, kwa hiyo vumilia nikufundishe. Chuma cha bunduki hakikai kwenye mti kwa kukisia. Unakipaka masizi kidogo sana, unakikalisha mahali pake, unakigonga taratibu kwa nyundo ya mti, unakitoa. Palipobaki weusi ndipo panapogusa. Hapo tu ndipo unaponyoa na patasi, unene wa unywele. Unapaka tena, unakalisha tena. Mara arobaini, mara sitini. Siku ambayo weusi umeenea shimo lote ujue chuma kimekaa chote, na risasi ikilia mti mzima unapokea pigo. Baba alikuwa na neno moja tu: nyoa penye weusi, pengine usiguse.

Na masizi yenyewe ni ya koroboi. Unashikilia bati juu ya moto wa mafuta ya taa, linashika weusi laini kama poda. Lakini kwa baba mdogo umeme umefika, koroboi walishatupa. Basi Heche akakwangua masizi ya sufuria ya mama yake. Ya kuni, kaka! Yana chenga, yamelowa mchuzi uliofurika tangu enzi hizo. Ukiyapaka yanatapakaa mpaka pale ambapo chuma hakijafika. Akatoa chuma siku ya kwanza, akaona shimo lote jeusi tii, akashangilia. Akawaambia watu mzee alikuwa anajichelewesha bure.

Haikupita wiki mbili, tembo wakaingia mashamba ya Mbalibali. Nashoni akapiga hewani kuwatisha. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu kitako kikapasuka kwenye shingo yake, pale pembamba nyuma ya chuma, na kipande kikamchana shavu chini ya jicho. Nyuzi sita. Tembo wakaendelea kula kana kwamba wamealikwa. Shamba la mama Agustina, mjane wa watu, hawakuacha hata mabua ya kulishia mbuzi.

Baba mdogo akasema mti ulikuwa mbichi. Mninga wa miaka tisa, mbichi! Nilikasirika mpaka nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo, unanijua.

Nashoni akaja kwangu na plasta usoni. "Dada," akasema, "nimekuja na shavu langu, ndilo shahidi." Ile barua ya polisi ya baba inaruhusu kazi ya mbao tu, nami sikuivuka. Nashoni mwenyewe alifungua vyuma vyake, akakaa hapo hapo kutwa, jioni akaondoka na bunduki yake. Kesho yake tena. Siku kumi na moja. Niliwasha koroboi ya baba, ile ya kopo la dawa ya ng'ombe, mchana kweupe, chini ya taa ya umeme. Watu wakaja kuchungulia mwanamke na bunduki. Mama akatoa kigoda, akakaa mlangoni na fimbo ya marehemu juu ya magoti yake mabovu, akatangaza kwamba mwenye neno aanze na yeye. Hakuna aliyeanza.

Kitako hicho kimeshapigiwa mara kumi na nne mpaka leo. Hakina ufa hata wa kuingiza kucha.

Unadhani yakaisha? Barua ya polisi ni ya jina la baba, na yeye hayupo. Ili ibadilishwe wanataka muhtasari wa kikao cha ukoo, unaotaja nani ameachiwa kazi, na saini yako wewe mtoto wa kwanza. Baba mdogo kaandika Heche. Mimi nimeandika wa pili, unaomtaja Wegesa. Mama ameshasaini wangu. Baba mdogo amesema Simon akisaini wa Wegesa, na yeye atasaini, hana neno. Anajua unavyopenda amani, ndiyo maana anajiamini. Nimekuwekea yote miwili kwenye bahasha hii. Mtendaji wa kata anasubiri mpaka mwisho wa Agosti, akikosa kibanda kinafungwa.

Mura, kaka yangu, kuna jambo sikukuambia msibani. Uliishika bunduki ya Rubeni mbele ya kaburi, ukapapasa kile kitako, ukalia kwa sauti kwamba mkono wa baba haujafa. Watu wote wakalia na wewe. Kitako kile nilikitengeneza mimi. Kuanzia gogo mpaka mafuta ya mwisho, peke yangu.

Mikono ya baba ilianza kutetemeka mwaka 2018. Hakutaka mtu ajue. Alikuwa anakaa kwenye benchi ananielekeza, na akisikia mgeni mlangoni ananipokonya patasi anajifanya ananyoa. Aliniapisha nisiseme. Nimekaa na kiapo hicho miaka, nimekaa nacho hata siku ya ile chai. Sasa wanataka kunifukuza kwa kazi yangu mwenyewe, na hapo nimekataa. Kama nimekosea, na baba tutaelewana nikifika alipo.

Lakini yeye aliona mbali. Kabla Rubeni hajafunga chuma, baba alinivuta kando akaninong'oneza: "Weka dole lako hapo shimoni. Siku moja watabisha." Nikabonyeza dole gumba lililojaa masizi kwenye mti, chuma kikafunika. Wiki iliyopita Rubeni alifungua skrubu zake mbele ya baba mdogo. Dole lipo, halijafutika. Baba mdogo akaweka miwani, akaangalia, akasema dole linaweza kuwa la mtu yeyote.

Haya. Nashoni alilipiga picha akakutumia. Ni ile picha nyeusi uliyoifungua Jumanne.

Sikuombi unihurumie kwa sababu ndoa ilinishinda. Wala usinisaidie kwa kuwa ni dada yako. Kama unaona Heche anafaa, saini wa Heche, nitapokea barua hiyo na bado funguo nitazirudisha mbele ya watu wote nikiwa nimesimama, sitakuja kwa mlango wa nyuma. Ila usisaini kwa ajili ya amani. Amani hiyo imeshamgharimu Nashoni shavu.

Msalimie sana wifi Dorah, mwambie ile mbegu ya mtama mwekundu nimemhifadhia. Wabusu watoto. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na uache kujificha kwenye simu. Mama Agustina naye anasalimu, ameanza kupanda upya. Hata Heche anakusalimu. Tulikutana gulioni, hatukuchukiana, alinunua mafuta ya taa. Mungu wa baba yetu akulinde njiani na kazini, akupe na macho ya kuona.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekunja uso,

Wegesa Wangwe

Chini ya jina hapo nimebonyeza dole gumba la kulia. Ni masizi ya koroboi ya baba, usilisugue. Fungua ile picha, uweke pembeni yake, uangalie. Ukimaliza, saini.